Gari Lililovuka Geti

Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, kila mtu Bariadi alikuwa na haraka. Malori ya wanunuzi binafsi yalikimbizana vijijini, na serikali nayo ikapata haraka yake. Ukaja waraka: gari la wagonjwa liwe limetoka hospitalini ndani ya dakika kumi na tano tangu kuitwa. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, mwenye redio kol, daftari na saa ya ukutani, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Waraka huohuo ulikataza kumbeba mgonjwa bila machela. Sasa, machela tulikuwa nayo moja. Gari likileta mgonjwa na wodi imejaa, alilazwa varandani juu ya machela hiyohiyo mpaka kitanda kipatikane. Pengine siku nzima. Gari nalo lilikaa tu. Kila mwezi bosi wetu alienda Shinyanga kusomewa makosa, akarudi amenuna.

Aliyepata dawa ni mimi. Nilimwambia dereva, "Mzee, gari likivuka geti limeshatoka. Machela itakufuata." Akacheka. Tangu siku hiyo, wito ukija, gari linavuka geti, linaegeshwa ng'ambo ya barabara, nami naandika muda. Tukasifiwa mkoani. Bosi alininunulia soda mbele ya wauguzi wote.

Asubuhi moja redio ikaita kutoka zahanati ya Ngulyati. Mama mjamzito, uchungu tangu jana, mtoto hashuki. Nesi alipotaja jina la mume, nikajua ni dada yangu.

Varandani kulikuwa na mzee amelala kwenye machela. Nilimsihi muuguzi amshushe sakafuni. Akaniuliza, "Angekuwa baba yako, ungemshusha?" Nilirudi mezani. Gari lilivuka geti kwa dakika sita, nikaandika sita. Niliogopa sana, na bado niliandika kwa mwandiko mzuri. Dirishani nilimwona dereva amefungua mlango, mguu mmoja nje, anangoja.

Saa nane mchana likaja tela la ng'ombe. Shemeji alikuwa anaswaga, na mama yetu amepakata kichwa cha dada. Walikuwa wamechoka kungoja, wakakata mashambani. Tela likapita ubavuni mwa gari letu, likaingia getini.

Dada alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Daftari lilikuwa na safu ya muda wa kumfikia mgonjwa. Bosi alifikiri kidogo, akasema niandike saa nane, kwa kuwa gari na mgonjwa walikutana getini. Nikaandika. Mwisho wa mwezi wito ule ulihesabiwa pamoja na mingine iliyokwenda vizuri.

Kabla ya kurudi kijijini, mama alikuja mezani kwangu. Kanga yake ilikuwa bado na vumbi la mashambani.

"Nesi wa kule ameniambia ulilituma gari palepale," alisema. "Tumepishana nalo. Sisi tulikata njia ya mkato, lenyewe limepita barabarani, likageuza. Usijilaumu, mwanangu. Wewe ulifanya yako. Barabara ndiyo mbovu."

"Ndiyo, mayu," nikasema. "Barabara ni mbovu."