Matembezi Mepesi

Askari wa hifadhi ya Katavi, bunduki begani, alituambia sisi watalii wa siku moja kwamba matembezi ya leo ni mepesi tu: tutafuata korongo la mto uliokauka, tutatazama viboko kwenye tope, turudi. "Mmoja mmoja, nyuma yangu," akasema.

Mbele yangu walikuwa mzee na mkewe, wakulima wa mpunga kutoka Kasansa, waliotumwa na watoto wao wakapumzike. Kila tulipokanyaga mawe, mkono wa kulia wa yule mama ulipanda juu ya kilemba, ukashika hewa, ukashuka. Mzee akaona.

"Mama, ndoo haipo."

"Najua, baba. Mkono ndio haujui."

Mzee hakucheka. Aliudaka ulipokuwa ukishuka, akabaki nao, wakaenda bega kwa bega.

Askari akageuka. "Mzee, nimesema mmoja mmoja."

"Ndio sisi hao. Padri alishatangaza kwamba ni mmoja."

Askari akatafuta twiga wa kumtazama.

Huwa tunajisifia kwamba mama zetu wamezoea mizigo. Sawa. Lakini hata mazoea yanahitaji mtu wa kuyaambia kwamba leo ni likizo, tena ayaambie taratibu, maana hayasikii mara moja.

Tulipopanda ukingo kurudi kwenye gari, mkono ule ulikwenda tena kichwani. Mzee hakuuachia. Wakapanda hivyohivyo, mikono miwili imeshika ndoo isiyokuwepo.