Mhindi Aliyebeba Mizigo Yetu hadi Ujiji

Habari ya kifo chake ilifika mtaa wa Kitete ikiwa imevishwa maua. Binti yake aliituma picha kwenye simu ya mama mmoja mjane, ambaye alikuwa mwenye nyumba wa marehemu kwa miaka yote aliyoishi Tabora. Katika picha hiyo jamaa yetu anatabasamu ndani ya fremu, na fremu imezungushiwa shada la maua ya rangi ya chungwa. Hapa kwetu anayevishwa maua ni mhitimu siku ya mahafali, au kiongozi aliyekuja kuzindua kisima. Mama akafurahi kama mzazi. Akawaita majirani waone, akawaambia mpangaji wake wa zamani, yule fundi, amepata cheo huko kwao, kisha akarekodi sauti ya hongera pamoja na vigelegele na kuituma. Ilibidi mwenye duka la vitambaa mjini, Mhindi aliyezaliwa hapahapa na anayesema Kinyamwezi kunishinda mimi, aitazame picha ile kwa muda na kumshika mama mkono. "Mama, kwetu picha ikivishwa maua namna hii, mwenyewe hayupo tena." Mama akakaa chini. Baadaye binti aliandika kwamba baba yake angeipenda ile hongera, na kwamba vigelegele vilikuwa vizuri.

Sitamtaja jina, kwa sababu hata alipokuwa hai hapakuwa na mtu Tabora aliyelitumia. Tulimwita Mhindi Mgeni, kumtofautisha na Wahindi wetu ambao babu zao walifika enzi za misafara. Alikuja kufunga mitambo ya kukamua alizeti katika kiwanda kidogo upande wa Itetemia, kwa mkataba mfupi, na mkataba ule ukawa unazaa mwingine kila ulipokaribia kufa. Mimi na yeye tulikunywa chai kwenye benchi moja nje ya duka, na sidhani kama urafiki wetu ulikuwa na msingi mwingine. Alikuwa mtu wa mpango. Hata sukari aliitia kwenye kikombe kabla ya chai, akisema hiyo ndiyo njia ya kukoroga mara moja.

Mwaka mmoja mwajiri wake alimtaka aongeze miaka mingine mitano. Mke wake, aliyekuwa amemlea binti yao huko India akiwa na mume wa kuonana naye mwezi mmoja kwa mwaka, akajibu kwamba kabla hajaongeza chochote yeye atakuja kuiona hiyo Tabora kwa macho yake. Asipoona kitu kinachostahili kumnyima mume, watarudi pamoja. Fundi alitaka kubaki, na alilisema hilo benchini bila kuficha. Kwa hiyo akaanza kuiandaa likizo ya familia kama wakili anavyoandaa kesi.

Aliniambia kwamba watu wa mtaa wao wakipata nafasi huenda Ulaya, hukodi gari, hupiga picha kwenye theluji na kula chakula cha nyumbani walichokibeba kwenye buti. Yeye theluji hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni barabara ya kwenda Ujiji. "Hii ni njia ya misafara," alinieleza, kana kwamba nilikuwa sijawahi kuisikia. "Wazungu waliitembea kwa miguu wakaandikiwa vitabu. Mimi nitampeleka mke wangu na kiyoyozi." Nyumba za kulala wageni alizichagua kwa simu, moja baada ya nyingine. Alijua watakula wapi wali na dengu, maana nyumbani kwao hawagusi nyama, na watapiga picha wapi kwenye mto Malagarasi. Nafasi ya pancha hakuiweka.

Kosa lake ni kumwambia mama mwenye nyumba. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki uani.

"Shikamoo mama. Wiki ijayo sipo, nakwenda Kigoma na familia."

"Marahaba, baba. Poleni. Nani amefariki?"

"Hakuna, mama."

"Basi kuna harusi."

"Hapana. Likizo. Tunatembea tu, tunaangalia nchi."

Mama aliacha kupepeta mchele. "Mnamfuata nani?"

"Hatumfuati mtu."

"Haya. Mtembezi hula miguu yake," alisema, akaendelea kupepeta. Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "Sasa kama hamna shughuli, si mtanipelekea asali kwa dada yangu Urambo?"

Kwetu safari ina sababu, na sababu hizo zinajulikana: kuzika, kuoza, kuuguza, kutafuta. Anayetoka nyumbani bila mojawapo ya hizo tunamwona kama mtu aliyefungua bomba akayaacha maji yaende. Na kwa kuwa tunachukia upotevu, tunamsaidia kwa kumpa mzigo. Kufikia jioni habari ilikuwa imevuka mtaa kwamba kuna gari linakwenda Ujiji tupu, na neno "tupu" lilikuwa na maana ya watu watatu. Ikaja ndoo ya pili ya asali. Yakaja magunia ya karanga ya kwenda Kaliua, uyoga mkavu, cherehani ya mtu aliyehamia Uvinza, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa, kwa ajili ya bibi mmoja wa Ujiji ambaye hakuna aliyejua anaishi nyumba gani. "Ukifika uliza tu," waliniagiza nimwambie. "Anajulikana."

"Siwezi kukataa?" aliniuliza fundi.

"Unaweza," nilimjibu. "Lakini utaishi wapi baadaye?"

Mke na binti waliwasili. Siku ya kwanza niliwasindikiza Kwihara kwenye lile tembe, nyumba ya kale ya udongo ya enzi za misafara, wanakopelekwa wageni wote. Mke wake, mwembamba na mwenye macho yasiyokubali haraka, aliuliza kupitia mumewe ni nani waliokuwa wakibeba mizigo ya misafara. Nikamwambia Wanyamwezi, watu wa hapa. Na Wahindi walikuwa wapi? Wengi walikuwa pwani, nikasema, wamekaa dukani, wakiwadhamini wenye misafara. Asubuhi iliyofuata alipoliona gari lililokuwa likimsubiri, na ndoo ya asali pale alipotakiwa kuweka miguu, alimgeukia mumewe na kusema neno moja. Nilimwomba anitafsirie. "Anauliza," alisema fundi bila kucheka, "kama hili ni deni la babu zetu."

Yaliyofuata nayaandika kama alivyonisimulia, na nilipopita Urambo nilimhoji dada wa mama mwenye nyumba, naye hakupingana naye isipokuwa kuhusu jogoo. Mpango wa fundi ulisema Urambo wasimame kidogo, washushe asali, waondoke. Waliondoka kesho yake. Yule dada aliuliza swali ambalo fundi hakulitegemea: "Wewe si ndiye uliyemtengenezea dada yangu pampu ya kisima, ukakataa kula nyama ya Krismasi?" Akamgeukia mke. "Mumeo huyu tunamjua. Hawezi kuimba, lakini kanisani alikuja." Wakalala hapo, kwenye kitanda cha dada huyo, naye akalala kwenye mkeka. Asubuhi wakapewa jogoo, amefungwa miguu, kwa heshima yote. Fundi alisema aliwekwa kwenye gari kwa nguvu. Dada anasema binti mwenyewe alimkumbatia. Basi familia isiyokula nyama ikasafiri na jogoo kuvuka Malagarasi, na kote walikosimama mtu alimjua mtu aliyemjua fundi, ama kwa pampu, ama kwa mashine ya kusaga, ama kwa kuwahi kumpa lifti. Katika nyumba za kulala wageni alizozichagua kwa uangalifu ule hawakulala hata moja. Bibi wa Ujiji walimpata kwa kuuliza tu. Akawapikia maharage, akamchukua jogoo, na kwa kumwogopa binti akaapa hatamchinja.

Walipokaa ufukweni pale Ujiji, fundi alidhani ameshinda kesi. Mke wake alikuwa ametulia, anatafuna matobolwa aliyopewa na bibi. Ndipo akatoa hukumu. "Miaka yote hii nilikuonea huruma," alimwambia. "Nilikutumia achari kila mwaka kwa sababu nilidhani unakula peke yako. Kumbe huku una watu barabara nzima. Aliyekuwa akila peke yake ni mimi." Akamwambia mkataba asiuongeze. Angeikuta Tabora ni jangwa, labda angemwacha amalizie miaka yake kwa huruma. Alimkuta ameshiba, akamchukua.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulijitahidi mno kuupamba upande wetu, na ukarimu wetu ndio uliomwondoa fundi. Siku ya kuaga, mke wake alisimama uani Kitete na kutuuliza, kwa Kiswahili alichofundishwa usiku uliotangulia: "Nani atakuja kwetu?" Tulicheka kwa furaha, tukasema kwa sauti moja, "Tutakuja!" Yeye ni mgeni, hakujua kwamba kwetu neno hilo ni namna ya kufunga mlango taratibu. Fundi alijua, ndiyo maana alitazama viatu vyake. Hata hivyo, kwa miaka miwili aliyobakiwa nayo, aliniandikia mara kwa mara akinipangia safari yetu: tutue mji gani, tukodi gari gani, mama alale wapi asipande ngazi, chai nzuri iko kituo gani cha barabara. Nilijibu kila mara kwamba mpango ni mzuri sana.

Nimewaza kwa nini sikwenda, na sababu zangu zote ni za mtu mzima: kazi, nauli, hati ya kusafiria. Lakini babu zetu walitembea hadi pwani wakiwa na pembe za ndovu begani, wakarudi, na leo tunasifiwa kwa miguu yao. Sisi wenyewe tumekuwa watu wa kukaa na kupokea. Tunampokea mgeni vizuri kiasi kwamba haulizi mbona hatujawahi kubisha kwake, na kimya chake tunakiita heshima.

Wiki iliyopita mama mwenye nyumba aliniomba nimsindikize ofisi ya uhamiaji. Nilidhani ana mgeni mwenye shida. Kumbe alitaka kujua mtu wa umri wake anapataje pasipoti. Kijana wa mapokezi alimuuliza kwa adabu anakwenda wapi, akataja India. "Kutibiwa, mama?" Hapana. "Una mtoto huko?" Hapana. "Sasa, mama, huko unamfuata nani?"

"Namfuata mjane mwenzangu," alisema. "Aliuliza nani atakuja, na hajajibiwa."

Sijui kama atafika. Nauli hana, wanawe wameshaanza kumcheka, na mimi niliyempeleka pale sikuomba fomu yangu. Lakini nimejifunza kwa mama huyu kwamba mwaliko ni swali, na "asante" haijawahi kuwa jibu lake.