Kibuyu na Rejeta

Mume wangu Nchagwa hajawahi kuosha kibuyu tangu azaliwe. Lijue hilo kwanza.

Ng'ombe walioletwa binti yetu Boke alipoolewa walikuwa wa kaka yake Selestine kuolea. Ndivyo tunavyofanya, dada anatoka, kaka anaoa. Nchagwa akawauza, akanunua Landrova kuukuu. Eti ng'ombe anazaa kwa mwaka, gari linazaa kila siku ya mnada. Baba wa mchumba wa Selestine, kule Kerende, akakubali kusubiri mahari kwa sababu alisikia kuna gari. Kwa hiyo Landrova ile ndiyo iliyobeba ndoa ya mwanangu, na dereva wake, mume wangu, alijua kupiga honi tu.

Maji ya rejeta yalipoanza kuwa na rangi ya matope, alimwendea Gasto, fundi wa Nkende. Gasto akamwambia amwage yote, apitishe maji safi mpaka yatoke meupe, kisha atie kulanti, yale maji ya kupoza injini, ya kijani inayofaa injini ya zamani kama ile, asichanganye na nyekundu. Nchagwa akanunua nyekundu. Ya kijani, alisema, inafanana na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyekundu ni damu, na injini inataka damu. Kumwaga yote alikataa kabisa. Alifungulia kidogo, nusu ya uchafu akaiacha humo humo.

"Mama Boke, maziwa mapya hayagandi bila ya zamani," akaniambia. "Ukiosha kila kitu, mapya yatashika wapi?"

Nilicheka mpaka kanga ikalegea. Ya zamani huwekwa kidogo tu, tena pembeni. Kibuyu chenyewe nakisugua kwa maji ya moto na kukifukiza kwa kijinga cha moto, ndipo maziwa yanaingia. Mnywaji atayajulia wapi hayo? Nilipomweleza, akasema mambo ya gari si ya jikoni. Haya. Tangu siku hiyo nilitenga kibuyu kimoja, nikawa nakijaza juu ya mabaki bila kukiosha.

Ikafika siku ya kwenda Kerende kupanga harusi. Wakapanda wazee, na Selestine ndani ya koti la kuazima. Yeye ndiye aliyenisimulia. Mlimani mshale wa joto ulipanda. Nchagwa akasema gari dume lazima lichemke. Walipokaribia kijiji boneti ilifuka, injini ikagonga, ikanyamaza. Gasto alipoitwa alikuta rejeta imejaa uji mzito wa kahawia, njia zote zimeziba, silinda hedi imepasuka.

Lakini kabla ya Gasto, baba wa mchumba alifika kwa miguu. Akaizunguka Landrova polepole.

"Nilikuwa nasubiri ng'ombe," akasema. "Huyu ameshakufa. Binti yangu ataolewa kwingine."

Nchagwa alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda chake, akaomba maziwa. Nikamletea kile kibuyu. Alipiga funda moja, akatema.

"Yameoza haya."

"Yameshika, Baba Boke. Ya zamani nimeyaacha yote."

Niliingojea raha ya maneno hayo kwa muda mrefu, lakini Selestine alikuwa amesimama mlangoni, hajavua lile koti, na raha haikuja. Nikaleta maji ya moto, nikayaweka miguuni pa mume wangu. Akakipakata kibuyu, akakigeuzageuza, hajui aanzie wapi.