Kikohozi Changu Mbele ya Wageni

Mi ni Mariamu wa mtaa wa Buyenzi, na nyinyi mliotoka gerezani juzi ndio nawaambia haya. Kabla ya kufungwa nilikuwa nauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, sokoni, nina afya na sauti ya kugombana. Vita ikaleta misako, jirani akanisingizia kwamba naficha waasi, nikatupwa ndani. Humo tulilala tumebanana, na kikohozi cha mwenzangu kikawa changu.

Nilipoachiwa nikapelekwa kwenye kituo cha kuwarudisha wanawake maishani. Ndivyo walivyokiita, utadhani tulitoka makaburini. Tulifundishwa kudarizi vitambaa vya meza, sisi ambao hata meza hatuna. Wageni wafadhili wakija, tunaimba. Wenye kukohoa tulikalishwa nyuma karibu na choo, tukaambiwa kifua kinauma kwa sababu hatujasamehe. Basi nikasamehe kila mtu, hadi yule jirani. Jasho la usiku likazidi, nguo zikanipwaya.

Siku moja, wageni wakiwa wamefika hadi kule nyuma na kunizunguka nikidarizi, nikakohoa damu juu ya kitambaa. Madamu, mkuu wa kituo, alikitazama kitambaa kwanza.

"We Mariamu, haukuweza kukoholea inje? Kitambaa hii ilikuwa ya wageni."

Jioni hiyo akanifukuza.

Wifi yangu Zuhura, aliyekuwa akimlea binti yangu Hawa, alinipeleka dispansari. Daktari alisema ni kifua kikuu, kinapona, ila nimeze dawa mpaka mwisho hata nikijisikia mzima. Kwetu tunakula sinia moja. Mimi nikatengewa bakuli nyuma ya mlango. Hawa alinichungulia tu. Hilo liliniuma kuliko kifua. Vidonge vilinitapisha, mkojo ukawa rangi ya chungwa, na siku za risasi tulivifuata kwa kupita vichochoroni. Sikuacha.

Makohozi yalipopimwa yakaonekana safi, Zuhura aliweka sinia katikati ya mkeka.

"Hawa, sogea. Kula na mama yako."

Akasogea, taratibu, akamega ugali kando ya mkono wangu. Nililia mbele ya watu bila aibu.

Sasa Madamu ametuma mtu, ati niende niwaeleze wageni jinsi kituo kilivyoniponya. Nimekataa. Namshukuru Mungu, namshukuru Zuhura. Kituo kijishukuru chenyewe, kimezoea. Nanyi mkikohoa, msingoje kumsamehe mtu, nendeni mkapimwe. Niacheni niende. Hawa hagusi chakula mpaka nikae.