Taa Nyekundu ya Vifaranga

Juzi, hapa Mbeya, nilikwenda kumnunulia mwanangu taa ya tangi la samaki. Muuzaji akanionyesha ya LED. "Hii haina joto, dada. Iwashe masaa manane tu, halafu zima, nao wapumzike." Machozi yakanilengalenga. Maskini, akadhani bei imenishtua.

Nilikulia Kihesa, Iringa, kwa bibi yangu mfuga kuku. Ukiingia kwake ulipokewa na harufu ya pumba na maharage jikoni, na vifaranga wakilia ndani ya boksi chini ya taa nyekundu ya kuwapa joto. Baridi ya Juni ya kule usiombe, ndugu yangu. Kuoga tulikuwa tunalazimishwa. Bibi alikuwa na neno lake: "Chenye roho, kipe joto."

Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alikwenda kutibiwa Dar, akatuachia tangi la samaki wanne wa marehemu mumewe. "Aliwalisha kwa mkono wake," alimwambia bibi. "Nitunzieni, mama." Aliacha na taa yao nyeupe, iwashwe jioni kidogo tu.

Niliigusa ile taa, nikaiona ya baridi. Nikawahurumia samaki. Nikachukua taa ya akiba ya vifaranga, nikaining'iniza juu ya maji, ikawaka mchana na usiku. Bibi akanisifu kwamba najua kulea. Wiki haikuisha, maji yakawa ya kijani na ya moto, samaki wakitweta juu juu. Kisha wakaelea, wote wanne. Nililia mpaka nikatapika.

Mama yule alirudi amekonda. "Ni baridi," alisema kabla hatujafungua mdomo. "Kosa langu, kuwaacha Juni." Bibi akanitazama. Nikatazama miguu yangu. Naye bibi, kwa kunionea huruma, hakumwambia ukweli.

Tangi, mama yule alilijaza vifungo vya nguo, akaliweka dukani. Mteja akiuliza, alijibu bila kuficha: "Niliwaacha samaki wa mume wangu wakafa kwa baridi." Mara ngapi nilitumwa uzi pale! Nilisikia, nikapokea uzi, nikaaga.

Siku hizi duka lile linauza simu. Bibi hayupo. Mama yule naye alifariki akijilaumu. Tangu samaki wale wafe mpaka yeye afe ilipita miaka kumi na moja, na duka lake lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu.