Simu Inayolambisha Chumvi

Mwaka huo tulikula mizizi ya yungiyungi kwa kambare, asubuhi na jioni, maana mto Tana ulikuwa umeingia mashambani ukaondoka na mahindi yetu yote. Maji yalipopungua nikapanda mpunga, mwanangu, na ulipotoa masuke hapa kijijini Wema watu walikuwa wakipita makusudi kuutazama. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno. Ule mpunga ndio uliokuwa chakula cha nyumba yangu.

Kazi ya kuamia ndege nilimpa mjukuu wangu Rehema, shule zikiwa zimefungwa. Akae juu ya dungu, avute kamba yenye mikebe, ndege washtuke waruke.

Siku moja nampelekea chai, nikakuta masuke yameinama. Si kwa punje, kwa ndege! Chai ilinimwagikia mguuni nisiisikie. Rehema yuko juu, kamba ameikalia, macho kwenye simu.

"Rehema! We Rehema!"

"Subiri, bibi, nimekaribia kufika!"

"Unafika wapi nawe umeketi?"

Niliivuta kamba mwenyewe, nikapiga kelele za kusikika Garsen. Upande mzima wa mtoni ulikuwa makapi matupu. Hata nguvu za kugomba sikuwa nazo. Nikamwuliza tu, huo mchezo una utamu gani? Akalia, akaniambia ukweli. Kila siku ukiufungua unakupa kisanduku cha zawadi. Ukiruka siku, unaanza upya. Ukishindwa mpaka ukataka kuacha, ghafla unashinda kidogo.

"Wanajua nikichoka, bibi."

Wanajua! Jambo hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu.

Nilipokuwa msichana, mama alinituma kwa Waorma, wale wafugaji, kubadilisha mchele na maziwa. Mzee Guyo wa huko alikuwa na ng'ombe mtamba, mtoro, akimlambisha chumvi kiganjani, kidogo tu. Mimi kwa huruma nikamsogezea mtamba bakuli zima la chumvi. Mzee alilinyakua, karibu anivunje vidole.

"We binti wa Kipokomo, una wazimu? Akishiba sasa, jioni atarudi kwangu kutafuta nini?"

Wakati ule nilicheka njia nzima. Pale shambani sikucheka. Mjukuu wangu, niliyemlea kwa uji wangu, kuna mtu anamlambisha chumvi, na hata sura yake haijui!

Sasa sikiliza, mwanangu. Cheza. Mimi nimecheza sana, na nilikuwa nawashinda wenzangu. Lakini michezo yetu ikiisha tulitawanyika, hakuna uliotufuata mpaka kitandani. Ukiona mchezo haukushibishi na hauna mwisho, jiulize nani ameshika chumvi. Uweke chini wakati unaoutaka wewe, hata kama umebakiza kidogo kushinda. Hicho kidogo wamekuwekea wao. Mungu akujalie macho yako yabaki yako, na shamba lako lizae mpaka ndege nao wabakishiwe.

Shule zilipofunguliwa, Rehema akanijia na simu mkononi, sauti tamu kama asali.

"Bibi yangu mzuri, nikiwa darasani uwe unanifungulia kisanduku. Unagusa tu."

"Sigusi. Mwenye mchezo aje Wema mwenyewe nimwone."

"Kidole kimoja tu, bibi! Zawadi zote zitapotea!"

"Sigusi. Mwenye mchezo aje Wema mwenyewe nimwone."