Risala Iliyobaki Stoo

Kwanza, ninyi mtakaosoma haya, mnisamehe mwandiko wangu, na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na huwa naandika polepole kama mtu anayechambua mchele.

Wiki iliyopita mama alinitumia usipa kutoka ziwani, huku Mbinga ninakokaa kwa shangazi. Nilipofungua kiroba, harufu ya wale samaki wadogo waliokaushwa juani ilinipanda puani, nikajikuta nimerudi kwenye stoo ya shule yetu, upande wa Chiwanda. Magunia ya mahindi, ndoo za maharage, usipa wa chakula cha mchana, na kidirisha kimoja cha nondo.

Shule yetu ilikuwa ndogo. Habari ilienea kabla ya kengele ya pili. Mahafali yetu yalipokaribia, Mwalimu Mkuu, mtu wa Singida aliyeletwa kwetu kikazi, alisema risala ya kumsomea mgeni rasmi tutaitunga wenyewe, kila mtu atoe habari moja. Mmoja alisema kwaya yetu imeshinda katika kata. Mwingine akasema, "Mwalimu, tuandike kwamba mbuzi wako alikula ratiba ya darasa la tano." Tulicheka, hata mwalimu mwenyewe. Ester, niliyekaa naye dawati moja, hakucheka. Alisema pampu ya kisima imekufa, na wadogo zetu wanateka maji ziwani, kwenye matete ambako mamba ameonekana.

"Hiyo iandikwe vizuri," alisema Mwalimu.

Niliandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu wakati ule ulisomeka. Kisha wakakubaliana kwamba aliyeandika ndiye asome. Nilitaka kukataa, lakini hata kukataa kunataka mdomo.

Siku yenyewe niliona viti vimepangwa, wazazi wamejaa, gari la mgeni linateremka kilimani. Nikaingia stoo na kuchuchumaa nyuma ya magunia. Nilijiambia nitatoka kwaya ikianza. Mama Anjela, mpishi wetu, akaja, akachukua mafuta ya kupikia, akabana kufuli na kwenda zake. Risala ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeishika mkononi.

Mngedhani nilipiga kelele. Sikupiga. Niliona nikiita, watu wote watageuka, na mgeni rasmi atajua kwamba nilijificha. Kadiri nilivyochelewa, ndivyo kuita kulivyozidi kuwa kugumu. Bati lilipata moto, jasho likalowesha karatasi. Kwaya ikaimba, ikanyamaza.

"Sasa tunamkaribisha Skola atusomee risala."

Viti vikalia, watu wakigeuka kunitafuta.

"Skola yuko wapi?"

"Labda amekwenda kunywa maji ziwani!" mvulana mmoja alisema, na watu wakacheka.

Nikasikia viatu vya Ester vikipita nje ya ukuta. "Skola! We Skola! Toka basi, wanakusubiri!" Alikuwa hatua tatu tu kutoka nilipokuwa. Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi peke yake.

Ndipo Mwalimu Mkuu akakohoa. "Mheshimiwa, kwa ufupi tu, sisi hapa hatujambo. Watoto wanasoma, kwaya imeshinda. Changamoto ni zile za kawaida."

Watu wakapiga makofi.

Mama Anjela alikuja kuchukua sahani wakati gari limeshaanza kupanda kilima. Aliponiona aliruka. Nilichoweza kusema ni "Shikamoo."

"Shikamoo ya nini! Tangu saa ngapi umo humu?"

"Tangu asubuhi."

"Na mdomo ulikuwa umeuazima kwa nani?"

Ester aliipokonya karatasi mkononi mwangu na kulikimbiza gari. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akanirudishia na kunigeuzia mgongo. Afadhali angenitukana. Mwalimu Mkuu hakunichapa. Aliisoma yote akiwa amesimama, akakaa muda mrefu kwenye sentensi ya Ester, akaikunja. "Itunze," alisema, bila kuniangalia.

Mdogo wangu aliteka maji ziwani miaka miwili zaidi. Mamba hakumpata mtu, Mungu ni mwema, lakini kila asubuhi mama alisimama mlangoni mpaka aone ndoo inarudi. Bibi alizoea kusema mficha uchi hazai. Nilidhani ni maneno ya kinamama waliokwenda kujifungua.

Kwa muda mrefu niliubeba mzigo ule peke yangu. Lakini Mwalimu aliijua habari ya pampu. Maji yale yale aliyanywa na yeye. Hakuhitaji karatasi yangu ili kuisema. Sasa ndipo ninapoelewa kwamba alimwogopa mkubwa wake, na alitegemea mdomo wa mtoto useme lile ambalo wake haukuweza. Siku ile tulifungiwa watu wawili, ila yeye alikuwa nje, na tai shingoni.

Karatasi bado ninayo. Sentensi ya Ester ni ya tatu: "Tunaomba pampu ya kisima itengenezwe, kwa kuwa wadogo zetu wanateka maji kwenye mamba." Kabla ya kuiandika hapa nimeisoma kwa sauti, mara mbili, nikiwa nimesimama katikati ya jiko. Shangazi ameuliza kutoka uani naongea na nani.

Tafadhali niandikieni, hata mistari miwili, nipate cha kumjibu.